Maneno Yaliyoongezwa Ukutani

Riwaya fupi ya George Orwell, Animal Farm, ilitoka Uingereza mwaka 1945. Mwaka 1967, mwaka uleule wa Azimio la Arusha, Fortunatus Kawegere aliitoa kwa Kiswahili kwa jina la Shamba la Wanyama. Kijana anayeisoma katika somo la Kiingereza huanza na msamiati: uasi, dhalimu, propaganda, kila neno na maana yake daftarini. Ni kazi njema, lakini kitabu chenyewe kinamdai zaidi, maana kinahusu kusoma.

Wanyama wanamfukuza mwenye shamba na kuandika amri saba ukutani mwa ghala. Baadaye nguruwe wanataka anasa. Amri hazifutwi mara moja. Ile ya kutolala kitandani inaongezewa mashuka. Ya kutokunywa pombe inaongezewa kupita kiasi. Ya kutouana inaongezewa bila sababu. Sisi tuliolelewa na Maandiko tunaijua njia hiyo tangu Edeni, ambako nyoka alianza kwa kuligeuza kidogo neno la Mungu. Ndiyo maana Musa aliwaonya Israeli wasiongeze wala wasipunguze.

Anayeumia zaidi ni asiyejua kusoma. Farasi Boxer hakuvuka herufi D. Alifanya kazi kuliko wote, na kila shida aliijibu kwa kuahidi kujituma zaidi. Mwishowe akapandishwa gari la mchinjaji wa farasi, lenye maandishi ubavuni. Lakini anayetusumbua ni punda Benjamin. Alijua kusoma sawa na nguruwe yeyote, akachagua kunyamaza. Alipoyasoma maandishi yale kwa sauti, Boxer alikuwa tayari ndani. Kujua jema na kutolitenda, Yakobo katika waraka wake anakuita dhambi.

Kuna mahali kitabu kinatuchoma sisi wa kanisa. Kunguru aitwaye Moses huwasimulia wanyama juu ya nchi ya raha mawinguni. Nguruwe husema ni uongo, ila humwacha akae bila kazi na kumpimia bia kila siku. Tunaona Orwell hakuitendea imani haki: shambani mwake hamna Nathani wa kusimama mbele ya Daudi. Hata hivyo, mhubiri anayelishwa ili wenye njaa watulie yupo, na kemeo hilo tulipokee.

Kwetu kando ya Ziwa jambo hili haliishii darasani. Pale Mwaloni Kirumba mama muuza dagaa aweza kutia dole gumba kwenye mkataba wa mkopo asioujua, na mzee akasaini hati ya kiwanja, ilhali mjukuu wa kidato cha nne yupo nyumbani. Tunawaomba vijana wetu wawasomee wazee wao kwa sauti, neno kwa neno, bila kuruka yale madogo kama "isipokuwa" na "bila". Nasi walimu wa Shule ya Jumapili tusikasirike kijana akiuliza: neno hili limeandikwa wapi?