Mdiria Mdogo na Tete Analotulia

Mdiria mdogo wa buluu, mwenye tumbo la rangi ya kutu na mdomo mwekundu, ana urefu wa sentimita 13 hivi na uzito usiofika gramu 20. Kwetu ni ndege wa vijito, vidimbwi na mafunjo, kuanzia pande za Asumbi hadi ufukwe wa ziwa pale Homa Bay. Sifa nyingi huuendea mdomo. Hata wahandisi wa Japani waliuiga mdomo wa mdiria walipochonga pua ya treni ya Shinkansen 500, iliyoanza safari mwaka 1997. Mimi sifa ya kwanza ninalipa tete analotulia.

Mwanga hupinda unapotoka majini, hivyo samaki huonekana yuko juu kuliko alipo. Tuseme yuko sentimita 10 chini ya maji. Ndege akimtazama kwa pembe ya nyuzi 45, kisha afuate moja kwa moja mstari wa macho yake, atampitiliza kwa karibu sentimita 4. Kwa kidagaa chembamba, hapo amekosa kabisa. Pembe ikiwa nyuzi 60 kutoka usawa wa maji, kosa hushuka chini ya sentimita 2. Akiwa juu kabisa ya samaki, kosa hutoweka.

Mdiria mweusi-mweupe hutatua tatizo hilo kwa kuelea hewani juu ya ziwa wazi, akipigapiga mabawa. Huyu mdogo kwa kawaida huvizia akiwa ametua, na wepesi wake humruhusu kukaa kwenye tete lililoinamia maji, karibu na windo na juu yake. Anapopiga maji, kiwambo hufunika jicho kulilinda. Kazi kubwa ya kulenga huwa imeshafanyika hewani.

Akirudi, humgonga samaki kwenye shina hadi atulie, kisha humgeuza na kummeza kwa kuanzia kichwa. Samaki kama ngege mchanga ana miiba mgongoni, na akitangulizwa mkia itamkwama mdiria kooni.

Ukingo ukifyekwa wote, samaki watabaki, lakini mdiria atalazimika kuwatazama kutoka kando, ambako maji hupotosha macho zaidi. Kwa hiyo nawasihi wanaosafisha kingo za vijito vyetu: wakate panapopita maji, na wayaache matete machache yanayoinama.