Sifa za Fundi wa Miguu

Lami inapokatika jijini Dar es Salaam, iwe Goba, Madale na Mabwepande au kule Chamazi na Toangoma upande wa Temeke, gari huanza kulia. Mwenye gari humfikia fundi akiwa ameshatoa hukumu: shokapu zimekufa. Fundi wa miguu ya gari aliyeiva hambishii. Humuuliza swali moja tu: inagonga ukipanda tuta, au gurudumu moja likiingia shimoni?

Swali hilo lina elimu nzima ndani yake. Stabilaiza ni fimbo ya chuma cha springi inayokatiza chini ya gari, kulia hadi kushoto. Bushi mbili huishikilia kwenye chesisi, na ncha zake huungwa na miguu kwa linki fupi. Ukipanda tuta, magurudumu yote mawili huinuka pamoja, nayo fimbo huzunguka tu ndani ya bushi zake bila kazi. Gurudumu moja likitumbukia, fimbo hujipinda, na hapo ndipo linki iliyochoka hulia. Dereva akijibu "shimoni", fundi hutandika boksi chini, akaingia uvunguni, akashika linki kwa vidole na kuitikisa. Ulegevu wa kiungo huujua mkononi kabla jicho halijauona.

Fimbo hii ni rafiki wa lami. Mkanada Stephen Coleman aliipatia hataza mwaka 1919, na tangu hapo kazi yake haijabadilika: gari likikata kona na kutaka kulalia upande, fimbo inakataa. Land Cruiser mkonga, ule mrefu, umebeba watu na mizigo juu ya keria, hauingii kipilefti kwa heshima bila fimbo hiyo. Unene wake nao si wa kubahatisha. Fimbo ya milimita 30 ni ngumu takriban mara mbili ya ile ya milimita 25, kwa sababu ugumu wa kujipinda hukua kwa kipenyo kilichopandishwa kwenye kipeo cha nne. Anayekufungia stabilaiza ya gari jingine kwa hoja kwamba "imeingia" amekubadilishia tabia ya gari bila kukuambia.

Sasa lichukue gari hilohilo wakati wa masika. Pita Mbagala, Kongowe na Mkuranga hadi Kibiti, kisha iache lami uelekee Mloka, pembeni mwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Udongo mweusi wa Rufiji ukilowa, malori huuchimba mifereji mirefu. Gurudumu moja linapanda tuta la tope, na la upande wa pili linatakiwa kushuka likatafute ardhi. Fimbo hailiachi lishuke: inalivuta juu pamoja na mwenzake. Difu isiyofungwa nayo hupeleka mzunguko kule kusiko na upinzani, basi gurudumu linaloning'inia linazunguka hewani, na lililokanyaga udongo limetulia. Injini ina nguvu, tairi ni mpya, na gari halitoki.

Hapo fundi hulegeza nati mbili za linki. Ukimtazama kwa mbali utadhani hakuna kazi. Mtazame kwa karibu. Kwanza hutafuta mahali tambarare, kwa sababu gari likiwa limeinama fimbo huwa imejikaza, na bolti ikichomoka itaruka na kumpiga. Halafu anaingiza spana namba 17, ile ya Toyota nyingi, huku ufunguo wa pembe sita umezuia ncha ya bolti isizunguke na nati. Fimbo huinuliwa na kufungwa juu kwa ukanda wa mpira wa tyubu. Usukani huzungushwa mpaka mwisho, kulia na kushoto, kuona kama kuna kinachogusa tairi. Na kuna hatua ambayo wengi waliojifunzia kwenye video huiruka: kuikagua paipu ya breki, maana mguu uliofunguliwa utashuka zaidi kuliko ulivyozoea, na paipu iliyokuwa ndefu ya kutosha jana inaweza kukatika leo.

Spana hiyohiyo mikononi mwa mvivu hufanya kazi nyingine kabisa. Linki ikipiga kelele anaitoa na kuitupa: toa tu, gari litatembea. Ni kweli, litatembea. Litatembea hadi Barabara ya Bagamoyo, mwendo umekolea, bodaboda akakatiza mbele na dereva akakata usukani kwa ghafla. Magari ya namna hiyo si machache mjini, na wengi wanaoyaendesha hawajui kilichotolewa.

Viwanda navyo vimeiga wazo la fundi. Baadhi ya Nissan Patrol Y61 zilikuja na swichi ya kuachia stabilaiza ya nyuma, na Jeep Wrangler Rubicon ya 2007 ikapata kitufe cha kuachia ya mbele. Land Cruiser 200, shangingi la mwaka huohuo, ilipewa katika baadhi ya matoleo mfumo wa KDSS unaolegeza fimbo wenyewe kwa nguvu ya mafuta ya haidroliki. (Shangingi lenyewe mara nyingi hushinda kati ya Masaki na Dodoma, lami mwanzo mwisho.) Mfumo huo ukilifanya gari liegemee upande mmoja, dawa mara nyingi ni kufungua vali mbili kwa ufunguo wa pembe sita, gari likiwa mahali tambarare, lisawazike. Fundi amerudi palepale alipoanzia.

Kuirudisha fimbo ndiko kugumu zaidi. Lami ya Kibiti ikionekana, tundu na bolti havikutani tena. Asiye na subira huomba nyundo. Anayejua huweka jeki chini ya upande mmoja na kupandisha kidogokidogo hadi bolti iingie kwa kusukumwa na kidole gumba.

Mwenye gari anayelipia linki mpya dukani Gerezani bila kubisha sana, kazi hii huilipa "ya soda". Hakuna kipuri kilichobadilishwa, basi anaona hakuna alichonunua. Ningekuwa mimi ndiye fundi, kulegeza na kurudisha ningekutoza zaidi ya kufunga linki mpya.