Mkono wa Kushoto

Ukipata nafasi ya kumwona mzee anayewapigia watu mwomboko kwa kodiani, usivikodolee macho vidole vyake. Vidole huvutia macho kwa sababu vinakimbia, lakini kazi yenyewe iko upande wa pili, kwenye mkono wa kushoto unaovuta na kusukuma mvukuto. Mkono huo hauna papara. Wachezaji wanapopiga hatua mbili na kugeuka, mvukuto nao hugeuka, na pale upepo unapogeuka ndipo mdundo hupata uzito. Pembeni mwenzake anagonga karing'aring'a, ile pete ya chuma, na ngoma imekamilika. Watu wawili tu, na ukumbi mzima umesimama.

Mimi nimeirudia kodiani nikiwa na mvi, baada ya kuiweka kando miaka mingi. Kurudi kuna tabu yake. Asiyewahi kupiga hajui anachokosa, lakini anayerudi anakijua vizuri sana. Sikio linakumbuka wimbo wote, vidole vinakumbuka nusu ya mstari, na mkono wa kushoto haukumbuki kitu. Ujanani haukuwa ukiulizwa neno, maana kijana huficha mengi kwa kasi. Kasi ikishaondoka, hakuna pa kujificha, na hapo ndipo mtu anaanza kuwasikiliza wazee walivyokuwa wakipiga hasa.

Kwa kazi hiyo ya kusikiliza, Pumwani ni mahali pazuri. Mtaa huu ulianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, serikali ya kikoloni ilipotaka Waafrika wa Nairobi wakae mahali pamoja, na Pangani ilipobomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930 wenyeji wake wakahamishiwa huku na Shauri Moyo. Wakaja watu wa Pwani na wa Mlima Kenya, Wakamba, Wajaluo, Waganda, kila mmoja na ngoma yake. Ukumbi wa Pumwani Memorial, uliojengwa kuwakumbuka Waafrika waliokufa katika Vita vya Kwanza vya Dunia, ukawa mahali pa mikutano na dansi. Kodiani haikumkuta mtu mmoja hapa mjini, iliwakuta wote hao. Wakikuyu wakaitia kwenye mwomboko, uliostawi miaka ya 1940 na ambao unasemekana umechukua hatua zake kutoka dansi za walowezi, ikiwemo walzi. Wajaluo wakawa na muziki wao wa onanda. Huko Kongo, Camille Feruzi akaipigia rumba ilipokuwa bado changa. Na Unguja ikaingia kwenye taarabu, ikakaa karibu na fidla kana kwamba ilizaliwa huko.

Ukiwasikiliza hao kwa zamu utasikia kuna skuli mbili za mvukuto. Mpigaji wa mwomboko anapumua kwa mafupi: vuta, sukuma, vuta, sukuma, na kila mgeuko ni pigo. Wa taarabu anapumua kwa marefu. Sikiliza rekodi za Culture Musical Club ya Unguja na umtafute mwenye kodiani nyuma ya fidla na qanuni. Utamsikia akiushika mstari mmoja bila kukatika, kisha anageuza mvukuto mahali ambapo mwimbaji naye amevuta hewa, kama msomaji wa Qur'ani anavyojua pa kusimama na pa kuunganisha. Pumwani mtu anaweza kuzisikia skuli zote mbili kwenye harusi za mwezi mmoja, na ndiyo maana sioni sababu ya kwenda mbali kutafuta mwalimu.

Sababu ya tofauti hiyo iko ndani ya chombo chenyewe. Cyrill Demian alipopata hataza ya kodiani huko Vienna mwaka 1829, alitumia ulimi mwembamba wa chuma uliofungwa upande mmoja tu juu ya kitundu, na upepo ukipita ulimi unatetemeka. Kampuni ya Hohner ya Trossingen, Ujerumani, iliyoanza mwaka 1857 kwa vinanda vya mdomo, baadaye ikavieneza vinanda vya mvukuto ulimwenguni. Ni ndimi zile zile za kinanda cha mdomo, ila pumzi inatoka mkononi badala ya kifuani.

Sasa, tofauti ile ya pumzi inatoka kwenye aina mbili za kodiani, ambazo mnunuzi lazima azitofautishe. Ya vibonye, ile ndogo ambayo wazee wengi wa mwomboko huiita kinanda tu, kibonye kimoja kina sauti mbili: ukisukuma ni hii, ukivuta ni nyingine. Aliyeimba kwaya shuleni ataelewa upesi. Kwenye safu moja, kibonye cha kwanza cha oktavu ya katikati hutoa do ukisukuma na re ukivuta. Cha pili, mi na fa. Cha tatu, so na la. Umeshazoea, unadhani umeelewa, kisha kibonye cha nne kinakugeuka: kuvuta ndiko kunatoa ti, na kusukuma ndiko kunatoa do ya juu. Hapo ndipo wanaoanza wengi huanguka, na hapo hapo ndipo utamu ulipo. Wimbo wenyewe unaulazimisha mkono kugeuka, na mgeuko ndio mdundo. Aliyebuni mpangilio ule hakuwa akifikiria mwomboko, lakini mwomboko uliuelewa kuliko wengi.

Aina ya pili ni ya funguo za piano, ambayo sauti yake ni ile ile ukivuta au ukisukuma. Hii ndiyo inayopendwa makanisani na kwenye taarabu. Kubwa yake ina vibonye 120 vya besi na hukaribia kilo 10. Usiichukue hiyo. Mtu anayerudi na mgongo wenye umri wake achukue ya besi 48, au hata ndogo zaidi. Nimeona watu wakinunua ile kubwa kwa fahari, nayo ikaishia kuwa pambo la sebuleni.

Yangu niliipata Majengo, hapa hapa Pumwani, kwa mama mmoja mjane aliyeitoa uvunguni ikiwa kwenye sanduku lake. Alikuwa na haraka ya kuiuza, mimi sikuwa na haraka ya kununua.

"Mama, naomba niifungue kwanza."

"Ifungue baba, haiumi. Marehemu ndiye aliyekuwa hataki iguswe."

Nilifungua vifungo, nikaishika upande mmoja bila kubonyeza kitu, nikauacha upande wa pili uning'inie. Mvukuto mzima hushuka polepole, kwa kusitasita, kwa sababu hewa haina pa kuingilia. Ukishuka mara moja hadi chini, unavuja. Wa marehemu ulishuka taratibu. Kisha nikabonyeza kila ufunguo, kuvuta na kusukuma, bila kupiga wimbo wowote. Wimbo hudanganya, unakurusha na kukupitisha juu ya noti mbovu. Noti moja moja haina pa kujificha. Mbili zilikuwa bubu kwa kuvuta tu, na moja ilikoroma. Mwisho nikaweka pua kwenye mikunjo. Harufu ya kuvu ni mbaya kuliko noti bubu, kwani noti bubu fundi huirudisha, lakini karatasi na kitambaa vilivyooza ni kazi ya kujenga upya. Hii ilinuka udi tu.

"Mbona unainusa kama samaki?" mama akauliza. Tukacheka, tukapatana bei.

Fundi niliyempelekea ana benchi lake upande wa Gikomba, katikati ya maseremala, na kuitazama kazi yake ni elimu tosha. Aling'oa pini za fremu kwa koleo, moja baada ya nyingine, akazipanga kwenye kifuniko cha chupa kwa mpangilio ule ule, kwa sababu kila pini imezoea tundu lake. Mvukuto ukaachana na mwili. Ndani kulikuwa na vipande vya mbao vyenye vibamba vya chuma vilivyopangwa bega kwa bega, na juu ya kila kibamba ndimi mbili: mmoja upande huu, mwingine upande ule. Mmoja hulia ukivuta, mwenzake ukisukuma. Yule asiye na zamu hufunikwa na kijikanda cha ngozi ili upepo usipotee bure. Ile noti iliyokuwa ikikoroma, kijikanda chake kilikuwa kimekauka na kujikunja. Zile mbili bubu zilikuwa na uchafu chini ya ulimi, chembe ambayo mimi sikuiona hata nilipoonyeshwa. Alipitisha kipande cha karatasi chini ya ulimi, akapuliza kwa mdomo, sauti ikatoka.

Kusawazisha sauti ni habari nyingine. Ulimi ukiwa chini, unakwaruzwa karibu na ncha, unakuwa mwepesi, sauti inapanda. Ukiwa juu, unakwaruzwa karibu na ribiti, unalegea, sauti inashuka. Fundi alitelezesha kipande chembamba cha chuma chini ya ulimi kuushikilia, akapitisha tupa mara moja, akaacha. Akasikiliza. Akapitisha tena, wepesi zaidi. Chuma kilichotoka hakirudi, ndiyo sababu mtu wa kazi hii anatumia muda mwingi zaidi kusikiliza kuliko kukwaruza. Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitarajia: "Unataka itetemeke kiasi gani, mzee?"

Kila noti ya kodiani kama yangu ina ndimi zaidi ya mmoja zinazolia pamoja. Zikilingana kabisa, sauti ni kavu na safi, nzuri kwa kwaya. Mmoja ukipandishwa kidogo tu juu ya mwenzake, sauti inatetemeka, na mtetemeko huo ndio unaoifanya kodiani isikike juu ya vigelegele. Kuamua ukubwa wa tofauti hiyo hakuna kitabu. Huko Misri wamekwenda mbali zaidi, wanaparuza ndimi ili wapate robo sauti za makamu za Kiarabu. Nilimwambia aniachie mtetemeko wa kutosha harusi. Akaelewa bila maelezo.

Alipomaliza alivirudisha vibamba mahali pake kwa nta ya nyuki iliyochanganywa na utomvu. Akanionya nisiiache kodiani ndani ya gari lililoegeshwa juani, wala kwenye chumba cha mabati saa saba mchana. Nta ikilainika, vibamba vinateleza, na kazi yote inarudi mwanzo.

Baada ya hapo imebaki kujifunza. Upande wa kushoto huwezi kuuona, umejifungia kwenye mkanda, kwa hiyo unapapasa. Kibonye cha besi ya do kina kishimo kidogo juu yake, na hapo ndipo nyumbani. Cha juu yake, kuelekea kidevu, ni so, cha chini ni fa. Kwa vitatu hivyo na mipatano ya sauti iliyo kandokando yake unaweza kusindikiza nyimbo nyingi zilizowahi kupigwa Pumwani. Ni karama kubwa hiyo, na watu huipuuza wakikimbilia vibonye vya mbali.

Zoezi ninalolipenda ni la kuchosha kusikiliza. Unashika noti moja, unafungua mvukuto kwa unene ule ule tangu mwanzo hadi mwisho, kisha unageuza bila mgeuko kusikika. Ukiweza, unafanya kinyume: unageuza makusudi, kwa pigo, kama mtu wa mwomboko. Kuta za Majengo ni nyembamba na majirani wangu wamevumilia mengi. Adhana ikianza naifunga mikanda, na ikiisha nasubiri kidogo kabla ya kuendelea. Watoto wa uani wana subira ndogo zaidi. "Babu, piga ile ya harusi!" Hawataki kusikia noti moja ikifunguka na kufungika. Nawapigia ya harusi kwa kasi niliyo nayo, ambayo ni ndogo, na wanacheza hivyo hivyo.

Joseph Kamaru, mwimbaji wa Kikuyu aliyefariki mwaka 2018, wengi wanamkumbuka kwa gitaa na maneno yake, ila aliishika kodiani pia, na ukimsikiliza akiipiga utaona hakujaza kila nafasi kwa noti. Aliacha mvukuto uvute hewa. Ukiniuliza nimejifunza nini tangu nirudi, ni kwamba ufundi wa chombo hiki uko katika kujua noti ipi isipigwe ili mkono upate kugeuka. Vidole vya kijana vinaweza kununuliwa kwa mazoezi ya mwaka. Huo mkono mwingine sijui bei yake, na wenye nao wanazidi kupungua.

Kwa hiyo nina ombi kwa wenyeji wa mtaa huu. Kodiani isiyopigwa huharibika zaidi kuliko inayopigwa: ngozi hukauka, kutu hushika ndimi, nondo hula kitambaa. Kama kwenu kuna kinanda cha marehemu kimekaa uvunguni au juu ya kabati, kitoeni, mkifungue polepole, mkakibonyeze hata kama hakuna anayejua kupiga. Na akija mtu kukiulizia, mwacheni akinuse anavyotaka, kisha mtajieni bei itakayombakizia pesa za fundi.