Mbebaji na Mzigo Wake

DNA tupu ikimiminwa kama dawa kwenye kibofu chenye saratani haifiki mbali. Kibofu kimeumbwa kukataa: hushika mkojo kwa saa nyingi bila kuuacha upenye kurudi mwilini. Seli zake za juu zimefunikwa na utando wa sukari wenye chaji hasi, na DNA nayo ina chaji hasi, kwa hiyo vinasukumana. Virusi hujua kupenya. Mwaka 2022 Marekani iliidhinisha dawa ya saratani ya kibofu inayobebwa na adenovirusi. Lakini ninaowastaajabia zaidi ni wanaotengeneza mbebaji wao wenyewe, kuanzia mwanzo, bila virusi.

Tazama kazi ya Abraham Hochberg na wenzake wa Jerusalem, iliyozaa dawa ya BC-819. Walianza na jeni H19, ambayo hufanya kazi kwa kijusi, hunyamaza karibu kabisa kwa mtu mzima, kisha huamka tena ndani ya uvimbe wa kibofu. Walichukua swichi ya jeni hiyo wakaiunganisha na maelekezo ya kutengeneza sumu ya dondakoo. Seli nzima ikipokea DNA hiyo, swichi haiwaki. Seli ya saratani ikiipokea, inajitengenezea kifo chake. Tena walitumia kipande A cha sumu peke yake, bila kipande B kinachoiwezesha sumu kuingia kwenye seli. Hivyo seli ikifa na kupasuka, sumu inayomwagika haiwezi kumdhuru jirani.

Mbebaji alikuwa polietilenimini, polima yenye chaji chanya nyingi. Huikumbatia DNA na kuikunja kuwa punje ndogo sana, kisha punje hunata kwenye seli na kumezwa. Hapo ndipo ufundi unapopimwa, kwa sababu fundo linalostahimili chumvi za mkojo lazima lije kufunguka ndani ya seli. Kifuko kilichoimeza punje kinapoanza kuwa na asidi, polima huifyonza asidi hiyo, maji huingia, na kifuko huvimba hadi kupasuka. Hayo ndiyo maelezo yaliyotolewa na watafiti wa Strasbourg mwaka 1995, na wataalamu bado wanayajadili. Yote haya yana muda mfupi: dawa huingizwa kwa mpira wa mkojo, mgonjwa hujizuia kwa saa moja au mbili, kisha hukojoa.

Katika jaribio moja la BC-819 kwa wagonjwa 47, madaktari walikata vivimbe vyote isipokuwa kimoja kidogo, wakakiacha makusudi ili waone dawa itakifanya nini. Kwa theluthi moja hivi ya wagonjwa, kilitoweka. Hata hivyo jaribio kubwa lililofuata lilisimamishwa mwaka 2019, baada ya tathmini ya katikati kuonyesha kwamba halielekei kufikia lengo.

Ufundi haukuishia hapo. Kampuni ya enGene ya Montreal inatumia kitosani, inayotokana na maganda ya kamba na kaa, na ambayo kwa asili yake hunata kwenye ute. Lakini kinachonivutia ni jinsi mzigo wenyewe ulivyobadilika. Sumu isiyomgusa jirani ni ya kupendeza kwa usahihi wake, ila inamtaka mbebaji aifikie kila seli ya saratani, na hakuna mbebaji wa namna hiyo. Punje za Montreal hubeba maelekezo ya kutengeneza interlukini-12, protini inayoziita seli za kinga, pamoja na vichocheo vya kengele ambayo seli hutumia kutambua virusi. Seli chache zikipokea ujumbe, protini husambaa na kinga ya mwili humalizia kazi iliyobaki.

Dawa hiyo nayo itahukumiwa na majaribio kama iliyotangulia. Lakini nionavyo, fundi aliyekomaa ndiye huyo: anayejua mbebaji wake anafika wapi, kisha akamchagulia mzigo unaoweza kwenda mbele zaidi wenyewe.