Nani Alichaji Vishikwambi vya Handeni na Korogwe?

Tarehe 15 Mei 2019, mjini Los Angeles, timu mbili zilitangazwa washindi wa shindano la Global Learning XPRIZE: Kitkit School ya kampuni ya Enuma, yenye ofisi Berkeley na Seoul, na onebillion ya London na Nairobi. Kila moja ilipata dola milioni 5. Kazi waliyopewa washindani ilikuwa nzito: kutengeneza programu ya kishikwambi itakayomwezesha mtoto asiye na mwalimu kujifunza kusoma, kuandika na kuhesabu, kwa Kiswahili, ndani ya miezi 15. Programu hizo zilijaribiwa katika vijiji vipatavyo 170 vya Mkoa wa Tanga, vikiwemo vya Handeni na Korogwe, kwa watoto wapatao 2,700 wa umri wa miaka 7 hadi 11.

Mengi yameandikwa kuhusu programu zile. Machache mno yameandikwa kuhusu kaya zilizozipokea. Kwa maoni yangu, uchambuzi wa kiufundi usiozihesabu kaya hizo umeacha nje nusu ya mtambo wenyewe.

Kwanza tuuone mpango ulivyokaa. Shindano lilitangazwa mwaka 2014, fedha za zawadi zikitoka kwa Elon Musk, na timu 198 kutoka nchi 40 zikajiandikisha. Septemba 2017 zilibaki tano, kila moja ikapewa dola milioni 1: hizo mbili nilizozitaja, Chimple ya India, CCI ya Marekani, na RoboTutor ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Pittsburgh. Hii ya mwisho iliongozwa na Profesa Jack Mostow, na sehemu kubwa ya kazi yake ilifanywa na wanafunzi wa chuo. Google ilitoa vishikwambi aina ya Pixel C. UNESCO ilisimamia upimaji wa watoto, na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) lilibeba mzigo wa kuvifikisha vifaa vijijini na kufunga vituo vya sola. Serikali ya Tanzania ilikuwa mshirika wao.

Sasa tuje kwenye umeme, maana hapa ndipo miradi mingi ya namna hii hufia. Betri ya Pixel C hubeba umeme wa takriban wati-saa 34. Chukua kijiji chenye watoto 15: kuvijaza vishikwambi vyote mara moja kunahitaji wati-saa 510, na ukiongeza unaopotea kwenye betri ya kituo na kwenye nyaya, unakaribia 700. Kwa jua la kawaida la Tanga, paneli za wati 200 zinatosha. Kwenye karatasi hesabu inakubali bila shida.

Lakini karatasi haijui masika. Jaribio lilianza Desemba 2017 na kuisha Machi 2019, kwa hiyo lilipita katikati ya masika nzima ya 2018 na vuli nzima iliyofuata. Siku za mawingu mazito paneli hutoa sehemu ndogo tu ya nguvu zake. Siku hizo panahitajika mtu wa kuamua kishikwambi kipi kianze kuchajiwa na kipi kisubiri, wa kufuta vumbi na matope kwenye paneli, na wa kuhakikisha nyaya hazichezewi wala simu za watu wazima hazimalizi umeme wa watoto. Hakuna programu inayoifanya kazi hiyo. Waandaaji walilitambua hilo mapema, wakaweka kila kijiji mwanamke wa palepale aliyepewa mafunzo ya kuangalia vifaa na kituo. Walimwita mama wa kijiji. Hakutakiwa kufundisha, kwa sababu shindano lilitaka kuipima programu peke yake. Alitakiwa kulinda, kuchaji na kuwakusanya watoto.

Mimi naona huo ndio uamuzi bora kuliko yote katika mpango mzima, kuliko hata michoro mizuri ya Kitkit. Mama wa kijiji anajua nani ni mtoto wa nani. Kishikwambi kikichelewa kurudi, haandiki ripoti. Anakwenda nyumbani kwa mtoto, anapiga hodi, anamkuta bibi yake, na jambo linakwisha kwa mazungumzo. Kifaa cha thamani kubwa kilichowekwa mikononi mwa mtoto wa miaka minane hakilindwi na nywila. Kinalindwa na majirani wanaomfahamu mtoto huyo.

Kuna pia muda wa watoto wenyewe. Handeni ni nchi ya mahindi na mifugo, na mvua zake hazitabiriki. Korogwe ina mashamba ya mkonge na bonde la Mto Pangani. Kwenye kaya za huko mtoto wa miaka tisa ana kazi: kuteka maji, kuchunga mbuzi, kufukuza ndege shambani, kubeba mdogo wake mgongoni. Saa moja anayokaa na kishikwambi ni saa ambayo mtu mwingine nyumbani ameibeba kazi yake. Zidisha kwa miezi 15. Mchango huo hauonekani kwenye bajeti yoyote, nao ulitolewa na wazazi ambao wengi wao hawakuwa na hakika kama kioo kile kingemfundisha mtoto chochote.

Halafu lugha. Kiswahili kinasaidia sana programu ya kusomesha, kwa kuwa kinaandikwa karibu kama kinavyotamkwa. Mtoto akishashika silabi, neno linamfungukia. Ila katika nyumba nyingi za Handeni Kiswahili kinakaa pamoja na Kizigua, na Korogwe kinakaa na Kisambaa, Kizigua na Kibondei. RoboTutor ilijengwa iweze kumsikiliza mtoto akisoma kwa sauti. Kwa nyumba yenye chumba kimoja au viwili, hiyo maana yake ni kwamba familia nzima inasikia somo, na watu wazima wanakubali kelele hiyo iwepo.

Kundi moja linanigusa zaidi. Ili kujua kama mabadiliko yanatokana na programu au na mtoto kukua tu, watafiti walihitaji vijiji vya kulinganishia. Watoto wa huko walipimwa kama wenzao, lakini hawakupewa vishikwambi kwa ajili ya jaribio. Bila wazazi waliokubali watoto wao wapimwe bila kupata kifaa, matokeo ya shindano yasingekuwa na uzito wowote wa kisayansi. Hao wanastahili kushukuriwa kwanza.

Na matokeo yalikuwepo. Kabla ya jaribio, asilimia 74 ya watoto walioshiriki walielezwa kuwa hawajawahi kwenda shule, na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15, idadi ya wasioweza kusoma ilipungua kwa nusu. Nusu iliyobaki si ndogo, wala sitaki mtu adhani kishikwambi kinaweza kuchukua nafasi ya mwalimu na darasa. Lakini kwa mtoto ambaye shule haijamfikia, hatua hiyo ni kubwa.

Msimbo wa programu zote tano umewekwa wazi, kwa Kiswahili na Kiingereza, ili yeyote autumie. Kwa wanafunzi wa kompyuta wa Dar es Salaam, Dodoma au Nairobi watakaouchukua na kuujenga upya, nina ombi. Mtakapoandika bajeti, pamoja na paneli na betri wekeni ujira wa mama atakayevilinda vifaa hivyo, na muda wa kukaa na wazazi kabla kishikwambi cha kwanza hakijatolewa. Na mtakapoandika shukrani, andikeni majina ya vijiji vyenyewe, kimoja kimoja, kabla ya majina ya wafadhili.