Mafundi wa Chrono Trigger ya Mkononi

Gemu ya Chrono Trigger ilitoka Japani mwaka 1995 kwa mashine ya Super Famicom. Waliounganisha nguvu ni Hironobu Sakaguchi wa Final Fantasy, Yuji Horii wa Dragon Quest na mchoraji Akira Toriyama. Muziki aliutunga kijana Yasunori Mitsuda, akajituma mpaka akaugua, na Nobuo Uematsu akamsaidia kumalizia. Kazi ya namna hiyo ni rahisi kuiharibu. Mwaka 1999 ilihamishiwa PlayStation na kuongezewa vipande vya katuni, lakini kila ukifungua menyu au ukiingia vitani ilibidi usubiri diski isomwe. Wepesi wake, ambao ndio roho ya gemu hii, ukapotea.

Toleo la Nintendo DS la 2008 ndilo ninalolipenda kuliko yote, na sababu yake inaonekana katika pambano moja tu. Maadui wa Chrono Trigger hawajipangi mstari wakingoja kupigwa. Wanatembea, wanasogeleana, wanaachana. Shujaa Crono akizungusha upanga kwa pigo la Cyclone, huwapata pia walio karibu na yule aliyemlenga, kwa hiyo mchezaji mzoefu huvuta subira mpaka wajikusanye. Kwenye runinga, dirisha la amri lilifunika sehemu ya uwanja uleule anaotakiwa kuukodolea macho. Mafundi wa DS, mashine yenye skrini mbili, wakalishusha dirisha hilo kwenye skrini ya chini. Hawakuongeza rangi wala kuchora adui upya, ila mchoro wa 1995 sasa ukaonekana wote. Na aliyezoea mpangilio wa zamani aliachiwa auchague. Huo ndio ufundi ninaousifu.

Maneno nayo yalitafsiriwa upya na Tom Slattery, kwa Kiingereza kilicho karibu zaidi na Kijapani. Ted Woolsey, mtafsiri wa kwanza, alibanwa na nafasi ndogo ya katriji, lakini ndiye aliyempa Frog, shujaa aliyegeuzwa chura, Kiingereza cha kale cha makabaila. Slattery alikiondoa. Ni uaminifu kwa asili, nakubali, ila lugha ile ilikuwa imemkaa Frog vizuri mno.

Katika sehemu mpya, Lost Sanctum ni dhaifu: unatumwa kupanda na kushuka mlima uleule katika enzi mbili, kutatua shida hii hadi ile. Gemu yenyewe ilishajua kuutumia muda vizuri zaidi, pale roboti Robo anapobaki kwenye ardhi iliyokauka aihudumie, nao wenzake wakiruka miaka 400 mbele wanakuta msitu.

Nyongeza yenye uzito ni zimwi Dream Devourer. Binti mfalme Schala alitoweka katika hadithi ya 1995 bila gemu kutuambia alipoishia. Hapa tunamkuta amenaswa ndani ya zimwi hilo, tunapigana kwa kila tulicho nacho, na bado hatumkomboi. Yeye ndiye anayeturudisha tulikotoka. Waandishi walikuwa na uwezo wa kumfungua na kuwafurahisha mashabiki. Walimwacha alipo, na walifanya vyema.