Picha ya Seyyida Salme Itazamwapo kutoka Mikindani

Picha ya Seyyida Salme ijulikanayo kuliko zote haikuchorwa kwa brashi. Ilipigwa kwa kamera mjini Hamburg, yapata mwaka 1868. Lakini imepangwa kama wachoraji wa Ulaya wa zama zile walivyopenda kumpanga mwanamke wa Mashariki, kwa hiyo haina budi kuhukumiwa kwa sheria za uchoraji. Bibi huyo amevaa suruali na kanzu ya nakshi, pamoja na mapambo, kama ilivyompasa binti wa Seyyid Said. Amtazamaye humdhania yu Unguja. Kumbe alikwisha kubatizwa Aden mwaka 1867 kwa jina la Emily, na alikwisha kuolewa na Heinrich Ruete, mfanyabiashara wa Kijerumani. Mavazi yale yalikuwa yake hasa, na papo hapo yalikwisha kuwa mavazi ya kuigizia.

Wako wasemao kuwa picha hiyo ni uongo. Hukumu hiyo ni ya haraka. Mtu aliyeacha nchi yake ana haki ya kujivika nguo zake japo kwa saa moja, hata kama mwenye kamera ana makusudi mengine. Lililo zito zaidi ni kwamba kalamu haimo. Msichana huyu alijifunza kuandika kwa siri, akinakili herufi za Kurani juu ya mfupa wa bega la ngamia, maana kuandika hakukuruhusiwa kwa wasichana wa nyumba ile. Kumbukumbu zake zilitoka kwa Kijerumani mwaka 1886. Picha iliyokitangulia kitabu kwa miaka kama kumi na minane ndiyo iliyowekwa baadaye katika majalada yake, na mwandishi akafanywa kitu cha kutazamwa kabla ya kusomwa.

Zama zilipobadilika, macho nayo yalibadilika. Unguja kilitengwa chumba cha kumkumbuka katika makumbusho ya Kasri, naye akatazamwa kama mwanamke shujaa aliyeshindana na desturi. Hamburg uwanja mmoja wa mtaa wa Uhlenhorst ulipewa jina lake mwaka 2019. Mwaka 2020 baraza la wilaya likaamua kulifuta, kwa sababu ya yale aliyoyaandika juu ya utumwa. Inashangaza kidogo kwamba kitabu kilichokuwa kikisomwa zaidi ya miaka mia kilihitaji kibao cha njiani ndipo sura yake moja isomwe kwa makini.

Mtu wa Mikindani hakuhitaji kibao hicho. Mwaka 1866, mwaka ule ule aliotoroka Salme, Livingstone alishuka pwani hiyo akafuata bonde la Ruvuma kwenda bara. Katika shajara yake aliandika habari za watumwa waliokutwa wamekufa, wamefungwa mitini. Njia hizo za kusini zilifikisha watu bandarini, na kutoka huko baadhi yao walipelekwa Unguja, kwenye mashamba ya karafuu yaliyoilisha jamaa ya Sultani. Salme aliutetea utumwa wa Mashariki kuwa si sawa na ule wa Marekani. Aliandika kwa uaminifu aliyoyaona nyumbani kwao; njia ya Ruvuma hakuiona, wala hakuuliza. Mwaka 1886 huo huo Waingereza na Wajerumani walipatana kumwachia Sultani ukanda wa pwani wa maili kumi, kutoka ghuba ya Tungi, kusini ya mlango wa Ruvuma, hadi Kipini. Mwaka uliotangulia Salme alikuwa amerudi Unguja kwa manowari za Kijerumani kudai urithi wake, na Bismarck akamtumia kumtisha Sultani Barghash, nduguye.

Basi nakshi za kanzu ile zitazamwe polepole. Ni kazi nzuri, na fedha iliyozinunua ilipita Mikindani pia. Picha ikiondolewa ukutani, swali la fedha hiyo huondoka nayo. Ikibaki peke yake bila kitabu, swali halizuki kabisa. Afadhali itundikwe, na chini yake iwekwe sura ile ya utumwa, imefunuliwa.